Beberu Hana Maziwa, Muulize Mama Yake

"Afande, hebu niambie wewe uliyesoma: huyu ni dume au jike?"

Bibi aliyeniuliza alikuwa amembana mwanambuzi wa miezi saba katikati ya magoti, mkia ameuinua kwa kidole gumba ili nione vizuri. Niliinama. Maumbile yalikuwa ya jike, lakini kwenye ncha ya chini palichomoza kitu kama punje ya njegere, chekundu na kigumu. Chuchu mbili zilikuwepo. Shingo lakini ilikuwa nene, manyoya ya mgongoni yamesimama, na harufu ilikuwa ya beberu mtupu. Asubuhi ile alikuwa ameshinda akiwapanda wenzake bandani.

Nilikaa polisi miaka 22. Nimeandika maelezo ya wezi wa ng'ombe Karamoja na ya wapitisha magendo Busia, wala sikuwahi kukosa la kujaza kwenye nafasi ya jinsia. Siku ile nilikosa. Nikamwambia Kukhu, ndivyo tunavyowaita bibi zetu huku, kwamba nitarudi na jibu. Ukweli ni kwamba nilimkimbia.

Naandika haya kwa ajili ya yeyote anayefikiria kuanzisha chama cha wafugaji wa mbuzi wa maziwa, au aliyekwisha kuchaguliwa katibu na bado anadhani kazi ni kuitisha mikutano na kununua soda. Mimi ni katibu wa chama chetu tangu 2015. Makosa mengi nitakayoyasimulia nimeyafanya mwenyewe, mengine niliyaona yakifanyika nikanyamaza, na hayo pia nayahesabu kuwa yangu.

Nilistaafu 2014 nikarudi nyumbani, vilimani upande wa Mbale, mashariki mwa Uganda, mahali ambapo ukitoka nje asubuhi unauona ukuta wa mlima Wanale umejifunika mawingu. Shamba langu halifiki ekari moja, kahawa na migomba vimebanana. Ng'ombe wa gredi angekula kahawa, angekula migomba, na mwisho angekula kiinua mgongo changu. Mbuzi wa maziwa anakaa kwenye banda la kuinuliwa lenye sakafu ya fito, anakula kaliandra, kile kimti cha malisho, ya kwenye makingamaji, matete, majani ya viazi vitamu na maganda ya ndizi, na samadi yake inadondoka chini ikisubiri kwenda kwenye kahawa. Hesabu ilikubali.

Tukakutana watu 17 chini ya mfenesi wangu. Wagisu wengi, Wateso watatu, Mnubi mmoja aliyehamia kutoka Bombo, na mama wa Kisamia aliyeolewa huku. Tulianza na Kigisu, wengine wakabaki wanatazamana. Tukahamia Kiingereza, wazee wakasinzia. Kikabaki Kiswahili, changu kikiwa kile cha kambini, chenye amri nyingi na adabu chache. Mpaka leo daftari letu limeandikwa kwa Kiswahili.

Kosa la kwanza lilikuwa haraka. Kila mmoja alitoa laki moja, ikawa milioni moja na laki saba, na kabla hata hatujakubaliana beberu atalala kwa nani, milioni moja na nusu ilikuwa imekwenda. Tulimnunua kwa mchuuzi karibu na mpaka wa Busia: mweupe pe, mrefu, hana pembe, mzuri kama picha ya kalenda. Zilizobaki ziliishia kwenye gari na chai. Mchuuzi alitwambia mambo matatu. Kwamba ni Saanen halisi, ile aina ya mbuzi weupe wa maziwa, si unaona weupe wake. Kwamba ana miaka miwili. Na kwamba mama yake anatoa lita nne kwa siku. Mimi, niliyezoea kumsimamisha mtu mwenye baiskeli nikamwuliza risiti iko wapi, sikumwuliza mwenye beberu huyo mama yuko wapi.

Kukosa pembe ndiko kulikotuvutia zaidi. Mbuzi wa pembe anavunja banda, anawatoboa wenzake, anaweza kumjeruhi mtoto. Basi wanachama wengi walikuwa wamechagua majike yasiyo na pembe pia, baadhi kwa mchuuzi yule yule. Tukawapandisha kwa furaha. Mwaka 2016 wakazaliwa wanambuzi, na kwa majike yasiyo na pembe peke yake tukapata 11. Watatu kati yao, yule wa Kukhu akiwemo, wakawa hivyo.

Daktari wa mifugo wa wilaya alinieleza kwa maharage juu ya meza yake, meupe na mekundu, kama ninavyoeleza mimi sasa kwa wengine. Kukosa pembe kwa kuzaliwa ni urithi, na urithi huo umefungamana na kasoro ya uzazi. Mwanambuzi wa kike akiupokea kwa mzazi mmoja tu, hana neno: hatakuwa na pembe na atazaa. Akiupokea kwa baba na kwa mama pia, viungo vyake vya uzazi haviumbiki sawasawa. Anakuwa huntha. Hazai, hatoi maziwa, anakula majani yako mpaka siku ya bucha. Kwa hiyo, katika kila jozi unayopandisha, mmoja lazima awe ni wa pembe.

Hapo kuna mtego mwingine. Mbuzi wa pembe aliyechomwa vichipukizi vya pembe akiwa mdogo naye anaonekana kipara, lakini huyo kwa urithi ni wa pembe na hana tatizo. Utamjua kwa kupapasa: aliyechomwa ana kovu gumu lisilo na nywele nyingi. Wa kuzaliwa hivyo ana vinundu viwili vya mviringo na nywele zimelala juu yake bila wasiwasi. Na mwanambuzi wa siku moja tu unaweza kumsoma: wa pembe ana vizingo viwili vya nywele kichwani, zimejizungusha kama maji yanayoingia shimoni. Jambo dogo hivyo. Lilitugharimu miaka miwili na wanachama wawili, maana wenye huntha walijitoa, isipokuwa Kukhu. Yeye alimuuza wake kwa mwenye bucha, akaja mkutanoni, akasema, "Sasa mtafute beberu kama mnavyotafuta mkwe." Hakuna mtu aliyecheka.

Nilivuka mpaka wa Lwakhakha mwanzoni mwa 2017, kwenda kumwona mzee mmoja wa Kibukusu upande wa Bungoma ambaye nilisikia anafuga Toggenburg, aina nyingine ya mbuzi wa maziwa. Wabukusu na sisi lugha inakaribiana, anasema yake nasema yangu, kinachobaki tunakifunga kwa Kiswahili. Nikamwambia nimekuja kuona beberu. Akasema, "Beberu utamwona. Keti kwanza." Akaingia ndani akatoka na daftari la shule, limefungwa kwenye karatasi ya nailoni.

Lilikuwa la maziwa. Kila mbuzi kurasa zake, kila mwezi mistari miwili, jioni na asubuhi. Alinionyesha mama wa yule beberu: uzao wa kwanza lita moja na robo kwa siku, wa pili mbili kasorobo, wa tatu mbili na nusu, na aliendelea kukamuliwa miezi tisa na zaidi. Akaniuliza lita nne za yule mbuzi wetu wa Busia zilikuwa za siku ngapi. Sikuelewa swali. "Mbuzi anaweza kukupa nyingi wiki ya nne baada ya kuzaa," akasema, "halafu mwezi wa tano amekauka. Mimi nataka yule anayetoa za wastani leo na kesho na mwezi wa nane. Beberu hana maziwa, mwanangu. Muulize mama yake."

Tukaenda kwa mama yake. Alitaka nimwone kabla ya kukamuliwa na baada. Kabla, kiwele kilikuwa kimejaa, kimeshikana juu kwa upana hadi karibu na mkundu, hakining'inii chini ya magoti ya nyuma. Akamkamua mwenyewe, vidole vitano vikifunga kimoja kimoja kutoka juu, bila kuvuta chuchu. Alipomaliza akanishika mkono akauweka pale. Kiwele kilikuwa kimesinyaa, laini, kama mfuko wa ngozi uliomwagwa nafaka. "Kinachobaki kikubwa baada ya kukamuliwa ni nyama," akasema, "utanunua nyama kwa bei ya maziwa." Nilikumbuka viwele nilivyovisifu pale Busia kwa ukubwa wake, nikaona aibu peke yangu.

Ndipo akamleta beberu, mwenye rangi ya kahawa na mistari miwili myeupe usoni, na vishanga viwili vya ngozi shingoni. Alikuwa na pembe. Mzee hakuniacha nimwangalie kwa mbali. Alifunua mdomo: meno ya mbele mawili ya kudumu, mapana, katikati ya madogo ya utoto, yaani amepita mwaka kwa miezi kadhaa, hajafika miaka miwili. Mawili ni mwaka na kidogo, manne ni karibu miaka miwili, sita ni mitatu, manane kinywa kimejaa. Meno yakutane na ufizi wa juu, taya lisitangulie wala lisirudi nyuma. Akanitaka nipitishe kiganja mgongoni, uwe umenyooka. Akampandisha kilima na kumshusha, tukatazama magoti na kwato. Kifua kipana, mbavu zimetanuka na zina nafasi katikati yake, tumbo lenye kina, maana tumbo ndilo kiwanda. Akaniinamisha kushika mapumbu: mawili, yanalingana, magumu kama embe bichi, hayana uvimbe. Kisha akaingiza vidole mbele yake kidogo akasema, "Hesabu."

Sikujua kama beberu ana chuchu. Anazo, mbili. Akiwa na tatu au nne, au moja yenye ncha mbili, atawapa binti zake, na binti mwenye chuchu ya ziada kando ya ile ya kweli anakamulika kwa taabu na kiwele chake huvimba mara kwa mara. Sisi tulikuwa na beberu wa milioni moja na nusu ambaye hakuna mwanachama aliyewahi kumhesabu chuchu. Niliporudi nilimhesabu. Hilo lilikuwa salama. Meno lakini yalikuwa manane, na kwa kuwa hatukumfunua mdomo siku ya kumnunua, hatutajua kama ile miaka miwili ya mchuuzi ilikuwa kweli. Na weupe? Weupe wa Saanen hushinda rangi nyingine, chotara wa nusu aliyezaliwa na mbuzi wetu wa kienyeji mweusi anaweza kutoka mweupe pe. Rangi haisemi kitu kuhusu damu.

Yule Toggenburg tulimwita Kanali. Bei yake kwa fedha zetu ilikuwa kama laki nane na themanini elfu. Kumfikisha nyumbani kihalali kulikula laki saba nyingine: kibali cha kuingiza mnyama kutoka wizarani Entebbe, safari mbili, cheti cha afya cha upande wa Kenya, kupimwa damu kwa ugonjwa wa kutupa mimba, kibali cha kusafirisha, gari. Katikati ikatangazwa karantini ya ugonjwa wa midomo na kwato, tukasubiri miezi miwili tukimlipia chakula kwa mzee. Wanachama walinung'unika kwamba njia za panya zipo, watu wanavuka na ng'ombe wazima, sembuse mbuzi. Nilikuwa nimewakamata wengi mno wa njia hizo kuweza kuzitumia mwenyewe. Baadaye mwanachama mmoja alizitumia, akaleta mbuzi watatu usiku na kuwachanganya na wa kwake asubuhi. Baada ya wiki mbili banda lilikuwa linakohoa. Homa ya mapafu ya mbuzi ilimmalizia tisa, na za jirani mbili. Tangu hapo mgeni yeyote, hata akitoka kwa mbunge, anakaa peke yake majuma matatu, mbali na ndoo za wengine.

Sasa nije kwenye chama chenyewe, maana nimeona vyama vyenye mbuzi wazuri vikifa na vyenye mbuzi wabaya vikiishi.

Kuandikishwa si kazi ngumu. Barua ya mwenyekiti wa LC1, yaani wa kijiji, katiba, orodha ya wanachama, kumbukumbu za mkutano, unapeleka gombolola, yaani ofisi za serikali za eneo letu, kwa ofisa maendeleo ya jamii, unasubiri, unarudi, unasubiri. Ugumu ni fedha na beberu. Mweka hazina wetu wa kwanza alikuwa mtu mwema kabisa, na fedha zetu alizitunza kwenye simu yake. Februari, shule zilipofunguliwa, simu ikawa na watoto wanne wa kusomesha. Hakuiba kama mwizi. Alikopa bila kumwambia mtu, halafu akaogopa. Tulizipata kwa mafungu, ikachukua mwaka. Kosa lilikuwa letu kumwachia mtu mmoja jaribu lile. Sasa kuna akaunti yenye watia sahihi watatu wasiotoka ukoo mmoja, na salio husomwa kwa sauti mwanzo wa kila mkutano, kabla ya sala.

Kanali tulimweka kwa mwanachama mmoja mwenye banda zuri. Ada ya kupandisha ilikuwa 5,000 kwa mwanachama, 10,000 kwa wa nje, na mtunzaji analipwa nusu kwa ajili ya majani na chumvi. Miezi michache ikawa sawa. Kisha nikaona kitu kwenye daftari. Jike likishika mimba halirudi kwenye joto. Lisiposhika, hurudi baada ya siku 21 hivi. Mwezi ule kati ya majike 14 yaliyopandishwa, tisa yalirudi. Nilidhani beberu anaumwa. Nikaenda kulala kwa mtunzaji bila kumwambia kwa nini, nikasema nimechelewa na mvua. Saa nne usiku wakaanza kubisha hodi watu na mbuzi zao. Kanali alikuwa akifanya kazi ya usiku ambayo chama hakiijui, fedha mkononi, na mchana wanachama wanaletewa beberu aliyechoka. Nilikaa gizani nikacheka, halafu nikakasirika.

Hatukumfukuza. Tuliandika kanuni tatu: kitabu cha kupandisha kina nakala mbili, moja anabaki nayo mwenye jike, beberu hapandi zaidi ya majike mawili kwa siku, na anahama. La kuhama ndilo lililoleta machozi. Hesabu yake ni hii: jike likipandwa leo, baada ya miezi mitano linazaa. Binti akipewa dang'a, maziwa ya kwanza ya mama, ya kutosha na kukua vizuri, miezi minane baadaye anaweza kuwa tayari. Jumla miezi 13. Beberu akiwa bado yupo siku hiyo, atampanda binti yake, na ukisubiri miaka mitatu utaona wanambuzi wadogo, dhaifu, wenye taya za ajabu, na kila mtu atalaumu majani. Kwa hiyo mwezi wa 12 beberu anaondoka kwenda kituo kingine. Mke wa mtunzaji alimsindikiza Kanali hadi barabarani akimlisha ndizi, na kwa miezi miwili hakunisalimu.

Kuna tatizo letu la hapa ambalo sijui wengine mnalo kwa sura gani. Mwaka unaogawanyika kwa mbili ni mwaka wa imbalu, tohara ya vijana wetu, na bei ya mbuzi wa kuchinja hupanda. 2018 wanachama waliuza madume wazuri, wana wa Kanali, kwa ajili ya sherehe, na mmoja akauza hata mtamba mwenye mimba. Mkutanoni alisema, "Afande, mjomba hawezi kupewa mbuzi wa kadi?" Kadi ni ile ya chama, inayoonyesha damu ya mbuzi, umri wake na maziwa ya mama yake. Siku hizi kabla ya mwaka wa imbalu tunakaa na kuamua ni wanambuzi gani wa kiume watahasiwa mapema wawe ndafu, na wale wanne watano wa kubaki tunaweka hereni sikioni na chama kinaweka malipo ya awali. Hilo limesaidia, si kabisa.

Kupima maziwa pia kuna ujanja wake. Tunapima mara moja kwa mwezi, jioni na asubuhi, tunajumlisha, tunazidisha kwa siku zilizopita tangu kipimo cha mwisho. Mwanzoni nilikuwa nafika asubuhi na jagi, nawaamini watu kuhusu jioni. Mbuzi mmoja akawa ananipa lita tatu asubuhi. Kumbe mwenyewe alikuwa haikamui kabisa jioni. Mnyama anateseka, daftari linadanganywa. Sasa mpimaji anakuwepo jioni ya kwanza, anahakikisha kiwele ni kitupu, anarudi asubuhi. Na povu lisubiriwe litulie; povu si maziwa, ingawa kwenye jagi linajua kujikweza.

Lililo baya kuliko yote nimelichelewesha makusudi.

2019 shirika moja lilitujia likitaka majike 40 ya kuwagawia wajane wa gombolola nyingine. Wawe na mimba, wawe na kadi za chama, laki nne na nusu kila mmoja, ndani ya majuma sita. Milioni 18. Chini ya mfenesi hapajawahi kusikika namba kama hiyo. Tulikagua mabanda yote tukapata majike 22 yaliyofaa. Nilitaka tuseme 22. Wakubwa wenzangu wakasema tukikataa, shirika litaondoka na wote, na wanachama wenye wale 22 watatulaani. Nilibishana jioni nzima. Kisha nikachukua kalamu nikatia sahihi kadi 18 tupu, ili "zijazwe baadaye". Walizijaza kwa mbuzi wa mnadani.

Mapema 2020, kabla ya korona kutufungia, bodaboda ilisimama langoni. Mama mmoja akashuka na mbuzi mweupe aliyefungwa kwa kanga nyuma ya mwendeshaji. Alimfungua taratibu, akamsimamisha, akatoa kadi kwenye blauzi.

"Hii sahihi ni yako, baba?"

Nilisema ni yangu. Kadi ilisema robo tatu Toggenburg, miezi 14, mama yake lita mbili na kidogo. Nikamfunua mdomo mbuzi: meno manane, mawili yameanza kuachana kwa uzee. Alikuwa amezaa mwana mmoja, na maziwa, mama alisema, hayajazi kikombe cha chai. Hakupiga kelele. Aliniambia tu kwamba banda alilijenga kwa kuuza kuku wake wote, kwa kuwa walimwambia atakamua.

Mtu anaweza kukaa polisi miaka 22 na kustaafu bila doa, halafu akajiharibia jina kwa kadi za mbuzi. Nilimpa mtamba wangu, binti wa Kanali, mwenye mimba ya miezi mitatu, nikampakia mwenyewe kwenye boda. Kisha nikaandika barua kwa shirika nikataja kadi zote 18 kwa namba. Walitusimamisha, hawakurudi. Chama kiliamua wote waliouza mbuzi wa mnadani warudishe mbuzi au fedha. Waliorudisha ni 12, sita wakaondoka na kuniita majina. Zile sita chama kilifidia kutoka akaunti, ikabaki 40,000. Wiki chache baadaye mikutano yote nchini ikapigwa marufuku, na nakiri nilishukuru.

Tulipokutana tena tulikuwa tumebaki 21. Ukitaka kujua gharama ya kadi tupu, ni hiyo. Sasa kadi haijazwi na mwenye mbuzi wala na katibu. Inajazwa na mkaguzi mbele ya mnyama, na mkaguzi haruhusiwi kukagua banda la ndugu yake. Mzaliwa wa kienyeji na Toggenburg anaandikwa nusu. Binti yake na Toggenburg mwingine robo tatu. Na kuendelea hivyo, saba ya nane, kumi na tano ya kumi na sita. Asiyejulikana baba yake anaandikwa "baba hajulikani", hata awe mzuri vipi. Baadhi ya wakamuliwa wetu bora ni hao, na hakuna ubaya. Bei yao ni nyingine tu.

Yule mama wa kikombe cha chai alijiunga nasi mwaka uliofuata. Anakagua kuliko mimi: anafunua kope kwanza, kama ndani hakuna wekundu wa pera lililoiva anaandika minyoo kabla hajagusa kiwele. Anakuja na boda ile ile.

Mwezi uliopita alikagua kwangu. Nilikuwa na mwanambuzi wa kiume wa miezi mitatu, mwana wa jike langu bora, lita mbili na nusu miezi minane mfululizo, na mtu wa Tororo alikuwa amekwisha kuniahidi laki sita akikua. Mgongo kama rula. Mama akapapasa meno, kifua, mapumbu, akaingiza vidole kati ya mapaja, akanyamaza. Akarudia.

"Tatu, baba."

Nikapapasa. Kando ya chuchu ya kushoto kulikuwa na kadogo, kama punje ya mchele. Nilisema labda ni chunjua. Akanitazama, akafungua daftari, akaandika namba ya sikio, na mbele yake: ahasiwe. Kisha akanipa kamba nimshike, akaenda kuchukua koleo la kuhasi kwenye mkoba wake.